Wanaovumisha Ni Walioacha Kutazama

Mabibi na mabwana, wazazi wenzangu, walimu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma, ambao nimenong'onezwa kwamba ndio mafundi wa mambo haya, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie uvumi na mizaha inayozuka kila mara kuhusu vipindi vya watoto: kwamba mhusika fulani anauawa, fulani anabadilishwa jina, mtangazaji fulani amefariki, kipindi chenyewe kinafungwa. Naomba nianze na kisa cha mbwa.

Desemba 1962, kipindi cha BBC kiitwacho Blue Peter kiliwaonyesha watazamaji kitoto cha mbwa. Wazo lilikuwa zuri: mtoto asiye na mbwa nyumbani apate wake wa kumwona akikua kwenye televisheni. Yule mbwa alionekana mara moja tu. Baada ya siku chache akafa kwa maradhi. Wakuu wa kipindi hawakutangaza msiba. Waliingia madukani London kutafuta mbwa mwingine anayefanana na marehemu, wakampata, wakamweka mbele ya kamera kana kwamba hakuna lililotokea. Watoto wakashirikishwa kumchagulia jina, akaitwa Petra, na akadumu kwenye kipindi hadi alipokufa mwaka 1977. Sanamu yake ikawekwa kwenye jengo la televisheni la BBC. Ilipita miaka mingi kabla watazamaji hawajaambiwa kwamba Petra waliyempenda alikuwa mbwa wa pili.

Sasa niambieni. Kama mtu angekuja na habari hiyo mwaka 1965, kwamba mbwa wa kwenye televisheni si yule, yule amekufa, wamewabadilishia, mngemwita nani? Mngemwita mzushi. Na angekuwa anasema kweli.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimelifuatilia jambo hili kwa muda, na kwa heshima zote nimefika mahali pa kutofautiana nao. Katika vipindi vya watoto, lililopo mara nyingi halisemwi, na linalosemwa mara nyingi halipo na wala haliji.

Chukueni Cookie Monster wa Sesame Street, kipindi cha Marekani cha makaragosi, lile dubwana la manyoya ya buluu ambalo kazi yake ni kubugia biskuti hadi makombo yaruke. Mwaka 2005 watengenezaji waliamua msimu ule uzungumzie afya, maana unene wa watoto ulikuwa umeanza kutia watu wasiwasi. Katika msimu huo ukaimbwa wimbo unaosema kwamba biskuti ni chakula cha mara mojamoja. Basi, ni hivyo tu. Hakuna aliyemnyang'anya dubwana biskuti. Wimbo wenyewe unamwonya asile kila saa, naye anasikiliza kwa shida, kama tunavyosikiliza sisi daktari akitaja sukari.

Habari ilipofika mtaani ilikuwa imeota pembe. Cookie Monster amepigwa marufuku kula biskuti. Anakula mboga tu. Hata jina amenyang'anywa, sasa ni Dubwana la Mboga. Watu wazima wenye kazi zao na heshima zao walilalamika kwamba utoto wao umeibwa. Na kwa miaka mingi baadaye, kila dubwana likialikwa kwenye mahojiano, lilikuwa linaulizwa swali lilelile, nalo linakana huku mdomo umejaa biskuti.

Nani hakudanganyika? Mtoto wa miaka minne. Yeye aliwasha televisheni asubuhi, akamwona dubwana, akaona biskuti, akaona makombo yakiruka. Kwake hapakuwa na habari yoyote.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka. Uvumi kuhusu vipindi vya watoto hauna watoto ndani yake. Unaanzishwa na wakubwa, unabebwa na wakubwa, na hasa wakubwa walioacha kutazama siku nyingi. Mtu anayetazama kila siku ni vigumu kumwambia kwamba fulani ameondolewa, kwa sababu jana alikuwa naye.

Nami nisijitoe. Kuna siku nilipokea ujumbe kwenye simu, una picha na nembo ya kituo, unasema kwamba katuni anayoipenda binti wa kaka yangu inafikia tamati na mhusika mkuu anaaga dunia kwenye kipindi cha mwisho. Nikaona nimwandae mtoto kisaikolojia. Nikamkalisha, nikamshika mkono, nikaanza maneno ya busara kuhusu mambo mazuri yenye mwisho. Akaniangalia kama anayemwonea huruma mgonjwa. Akauliza, "Shangazi, wewe unaitazama lini?" Sikuwa nimeitazama hata mara moja. Nilikuwa nimejua kifo cha mtu nisiyejua hata sauti yake.

Lakini tusiwaonee wakubwa. Uvumi huu haushiki kwa sababu watu ni wajinga. Unashika kwa sababu umekatwa kwa kipimo cha mambo yaliyokwisha kutokea kweli.

Baada ya Jim Henson kufariki tarehe 16 Mei 1990, ulienea uvumi Marekani kwamba Ernie, karagosi wa Sesame Street, naye atauawa. Henson ndiye aliyekuwa akimchezesha Ernie na kumpa sauti. Uvumi ukasema: watamuua kwa ajali, wengine wakasema kwa ugonjwa, ili watoto wafundishwe maana ya kifo. Ukiusikia leo unacheka. Lakini wale watu walikuwa na kumbukumbu. Miaka michache nyuma Sesame Street ilifanya jambo la namna hiyohiyo, tena kwa umahiri ambao hadi leo unafundishwa.

Tarehe 7 Desemba 1982 alifariki mwigizaji Will Lee, aliyekuwa Bwana Hooper, mzee mwenye duka pale mtaani. Watengenezaji walikuwa na njia nyepesi: wangesema amestaafu, amehamia mbali. Au wangefanya kama wale wa mbwa, wangemtafuta mzee mwingine mwenye miwani. Wakakataa. Walizungumza na wataalamu wa watoto, wakaandika, wakarudia, kisha wakarusha kipindi chao tarehe 24 Novemba 1983, siku ya sikukuu ambayo Wamarekani wengi wanakuwa nyumbani, ili mtoto akiwa na swali awe na mzazi kando yake. Katika kipindi hicho Big Bird, karagosi wa ndege mkubwa, amewachorea rafiki zake wote picha. Anazigawa, mmoja mmoja, hadi inabaki ya Bwana Hooper. Anauliza yuko wapi ampelekee. Wakubwa wanamwambia tena kwamba amekufa. Anasema haidhuru, atampa akirudi. Ndipo wanapomweleza, taratibu, kwamba aliyekufa harudi. Anauliza kwa nini iwe hivi, na jibu analopewa ni kwamba ni hivi tu. Hakuna hotuba na hakuna mbingu iliyochorwa. Waigizaji wale walikuwa wanamlilia mwenzao kweli.

Mtu aliyeona hayo mwaka 1983, akaacha kutazama, kisha mwaka 1990 akaambiwa Ernie atakufa, kwa nini asiamini? Kichwani mwake hicho ndicho kipindi kinachozika watu. Kumbe Ernie alirudi, mikononi mwa Steve Whitmire, mdomo uleule na vituko vilevile.

Kuna kitu kingine ambacho mzushi hakijui kuhusu kazi hii. Yeye anawaza kwamba badiliko linatokea hivi: bosi anaamka Jumatatu, anapiga meza, mhusika anakufa. Mwaka 1992 Sesame Street walitengeneza kipindi kizima ambamo wazazi wa Snuffleupagus, yule mnyama mkubwa mwenye mkonga, wanatalikiana. Kiliandikwa, kikarekodiwa, kikakamilika. Kabla ya kukirusha wakakipeleka kwa watoto wadogo, wakawaonyesha, wakawauliza wameelewa nini. Watoto wakawa na huzuni na kuchanganyikiwa. Wengine walielewa kwamba baba akihama haonekani tena, wengine kwamba wazazi wakigombana basi wanaachana. Kipindi kikawekwa kabatini, hakikurushwa kamwe. Kazi yote ile ikatupwa kwa sababu watoto wa chekechea walisema hapana. Linganisheni na mzaha unaotungwa kwa dakika tano kitandani.

Nije kwa binadamu, kwa sababu karagosi haliumii. Steve Burns alianza kuendesha kipindi cha Blue's Clues kwenye Nickelodeon, kituo cha televisheni cha watoto cha Marekani, mwaka 1996, kijana wa fulana ya mistari ya kijani, anauliza swali, kisha ananyamaza na kukutazama machoni hadi ujibu. Uvumi wa kwamba amekufa ulianza akiwa bado kazini. Mara madawa ya kulevya, mara ajali ya gari. Ilibidi aende kwenye televisheni ya wakubwa kuonyesha kwamba anapumua. Alipoacha kipindi mwaka 2002, uvumi ukaona umethibitishwa: si tuliwaambia? Mtoto aliyekuwa akitazama hakuwa na fumbo lolote. Aliona Steve akiaga, anakwenda chuo, na mdogo wake Joe anashika nafasi. Aliyekuwa jikoni akapita sebuleni, akaona sura ngeni ndani ya nyumba ileile, akajaza pengo kwa kaburi. Burns amesema hadharani kwamba kuuawa kwa maneno miaka yote hiyo kulimuumiza. Septemba 2021, kipindi kilipotimiza miaka 25, alitokea kwenye video fupi, na fulana yake na kofia, akazungumza na wale watoto ambao sasa ni watu wazima, akawaambia hajawahi kuwasahau. Watu walilia. Nadhani baadhi ya waliolia walishawahi kumzika.

Sasa nyinyi wa nyuma. Najua mnasubiri niwaseme, lakini nina jambo la kuwatetea. Shabiki wa kweli anayetunga mzaha anatazama kipindi kuliko mtu yeyote. Anajua rangi ya kila ukuta. Tarehe 1 Aprili anaandika barua kwa lugha ya ofisini, "tunasikitika kuwatangazia mashabiki wetu wapendwa", anaiweka chini ya nembo, anaifutafuta picha makusudi ionekane imepigwa kwa siri, na ndani yake anaficha kosa dogo ambalo shabiki mwenzake ataligundua na kucheka. Huo ni utani, na utani una watani wake. Tatizo ni kwamba picha ya skrini haijui mipaka ya watani. Inatoka kundini bila tarehe, inapita kwa binamu, inapita kwa jirani, tarehe 9 inamfikia bibi wa mtu, na bibi hana kosa dogo la kugundua. Mzaha mzaha hutunga usaha. Na siku hizi akili mnemba inatengeneza picha na sauti ya mhusika mwenyewe akiaga, hata ustadi wa kutunga hauhitajiki tena. Mimi hapo ndipo ninaposikitika, maana zamani angalau mwongo alitoka jasho.

Kuna mashabiki waliojiponza wenyewe. Ilipovuja habari kwamba Twilight Sparkle wa My Little Pony, katuni ya farasi wadogo, ataota mabawa na kuwa binti mfalme, wengi walisema ni uzushi mwingine tu, walikwisha kuchoshwa na mizaha ya wenzao. Tarehe 16 Februari 2013 akaota mabawa. Mnakumbuka yule mchungaji aliyekuwa akipiga yowe la fisi. Hapa kijiji kizima kilikuwa cha wachungaji.

Na kuna uzushi uliotokana na mapenzi, huo nao tusiufunge kamba moja na mwingine. Fujiko F. Fujio, muundaji wa Doraemon, hadithi ya roboti paka na rafiki yake, mvulana Nobita, alifariki 1996 bila kuandika mwisho wa hadithi. Watu wa Japani walikuwa wanasimuliana miisho ya kila namna, mingine ya kutisha, kwamba Nobita yuko hospitalini hajitambui na roboti yule ni ndoto yake. Kisha mwaka 2005 shabiki mmoja akachora kijitabu cha mwisho wake mwenyewe: betri ya Doraemon inaisha, na Nobita, yule mvivu wa kupindukia, anasoma kwa miaka mingi hadi anakuwa mwanasayansi ili amwamshe rafiki yake. Michoro ilifanana mno na ya muundaji. Maelfu ya nakala yakauzwa, watu wakaamini huo ndio mwisho halisi, mpaka wachapishaji wenye haki wakaingilia kati. Ni uongo, na kisheria lilikuwa kosa. Lakini ukinisomea mwisho ule na wa hospitalini, ninajua upi ulitungwa na mtu aliyemtazama Nobita vizuri.

Ama Sazae-san, katuni ya familia moja inayorushwa Japani tangu Oktoba 1969, wazushi wamekwisha kuimalizia zamani: familia nzima inapanda ndege, ndege inaanguka baharini, nao wanageuka kuwa viumbe vya bahari kama majina yao yalivyo. Jumapili hii mtawakuta mezani wanakula.

Mbaya zaidi ni uvumi kuhusu kipindi ambacho mtu hawezi kukitazama tena akahakikisha. Captain Pugwash ilikuwa katuni ya Kiingereza ya maharamia, ilianza BBC mwaka 1957. Miaka ilipopita wakubwa wakaanza kuapa kwamba mabaharia wake walikuwa na majina ya matusi, na kwamba ndiyo maana iliondolewa. Majina hayo hayakuwamo. Muundaji wake, John Ryan, alilazimika kuyabana magazeti yaliyochapisha maneno hayo, nayo yakayafuta mwaka 1991. Lakini hadi leo kuna mtu mahali fulani anaapa kwamba aliyasikia kwa masikio yake akiwa na miaka sita.

Kuna kimoja nisichoweza kukisimulia huku natabasamu. Julai 2002 ilitangazwa kwamba Takalani Sesame, ndiyo Sesame Street ya Afrika Kusini, itapata mhusika mpya, Kami, karagosi wa msichana wa miaka mitano anayeishi na virusi vya UKIMWI. Habari ilipovuka bahari ikageuka: karagosi mwenye UKIMWI anakuja kwenye televisheni ya watoto wa Marekani. Wabunge kadhaa wa Marekani wakaandika barua kwa PBS, shirika la televisheni ya umma la huko, kutaka maelezo na kukumbusha fedha za umma zinatoka wapi. PBS ikajibu kwamba hakuna mpango wa kumpeleka huko.

Tarehe 30 Septemba Kami akaanza kuonekana Afrika Kusini. Waliokuwa wakibishana hawakuwa wamemwona hata dakika moja. Angalieni walichokosa: msichana mdogo mwenye haya kidogo, anayependa kucheza, ambaye rafiki zake wanamshika mkono. Katika nchi ambayo watoto wengi walikuwa wanazika mama zao na kisha kukimbiwa na wenzao shuleni, karagosi mmoja alishikwa mkono mbele ya wote. Huko ng'ambo lilikuwa tishio. Kwa aliyekaa chini kutazama, lilikuwa somo la kushikana mikono.

Mzazi mmoja aliniuliza kabla sijapanda hapa: sasa mtoto akija analia kwamba ameambiwa rafiki yake wa katuni anakufa, nifanye nini? Mama, usianze na simu. Simu ndiyo iliyoleta. Muulize yeye. Muulize jana aliona nini, nani alisema nini, kilimalizikaje. Kisha ketini mtazame pamoja, hata kama wimbo wake unakuudhi, na najua unakuudhi.

Nasema muulize yeye kwa sababu ya Snuffleupagus, yule yule ambaye talaka ya wazazi wake ilibaki kabatini. Alianza kuonekana mwaka 1971, na kwa miaka mingi ni Big Bird aliyekuwa akimwona. Kila wakubwa walipokaribia, Snuffy alikuwa amekwisha kuondoka. Big Bird anasema alikuwa hapa sasa hivi, wakubwa wanatabasamu: sawa, ndege wetu, una rafiki wa kufikirika. Kilikuwa kichekesho, na kilichekesha. Lakini kufikia miaka ya 1980 watengenezaji wakaanza kuingiwa na hofu. Watoto walikuwa wanajifunza kwamba hata ukiona kwa macho yako, ukiwaambia wakubwa hawataamini. Na kuna mtoto mahali fulani aliyekuwa anatendewa ubaya, anahitaji kumwambia mtu mzima.

Wakabadilisha. Badiliko hilo ni la kweli, lilifikiriwa na likapangwa. Novemba 1985 Big Bird aliwaita wakubwa wote wa mtaa, na safari hii Snuffy alipotaka kuondoka kama kawaida yake, Elmo, mdogo kuliko wote, aliung'ang'ania mkonga wake hadi wakafika. Wakasimama, wakatazama. Kisha wakaanza kujitambulisha kwake mmoja mmoja, nao wakamwambia Big Bird kwamba kuanzia siku hiyo akisema jambo watamwamini.

Asanteni kwa kunisikiliza.